Tulikwenda Kuogelea, Bahari Haipo!

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji: ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzio mlikaa siku tatu bila bosi, bila foleni na bila ndugu wa "nimepita kuwasalimia tu"? Sisi tuna miaka minne ya ndoa, na kusema kweli hatukumbuki. Basi bwana, Ijumaa moja tukapanda boti ya asubuhi pale Dar, saa mbili tu baharini, hao tukateremka Unguja.

Mume wangu ni mhasibu, na likizo aliipanga kama bajeti. Alikuja na karatasi yenye mambo tisa ya kufanya, kila jambo na saa yake. Mimi nilikuwa na jambo moja tu, na halikuwa kwenye karatasi. Wiki tatu nyuma nilipandishwa cheo kazini, na cheo chenyewe kiko Mwanza. Nilikuwa sijamwambia. Kila nikitaka kufungua mdomo, mara simu, mara mgeni, mara usingizi. Nikajipa moyo kwamba Zanzibar nitasema.

Siku ya kwanza tulikwenda na ratiba sawasawa. Tulizunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, tukapotea mara mbili kabla ya kurudi kwenye mlango wa nakshi ule ule. (Dada zangu, mjini pale vaeni stara. Vimini viacheni kwa ajili ya ufukweni hotelini.) Mchana boti ndogo ikatupeleka Changuu kuona kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Usiku tukaenda Forodhani. Pale lazima ufike! Urojo wa moto, mishikaki, pweza, juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, na vijana wanaopiga mbizi baharini kutoka ukutani huku watu wakishangilia. Mwezi ulikuwa mpevu. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Unajua..." nikaanza.

"Subiri," akasema, huku anakagua karatasi. "Kesho tuondoke saa moja kamili."

Nikanywa juisi yangu.

Asubuhi tukashika njia ya kwenda kusini-mashariki, tukisimama msitu wa Jozani kuwaona kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki cha Unguja peke yake. Wana nywele zilizosimama kama wameamshwa ghafla, na wala hawana habari na mtu. Saa nne na nusu tukawa Jambiani, mume wangu keshavaa bukta ya kuogelea tangu garini.

Bahari haipo.

Yaani mchanga mtupu, madimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayopiga mwamba. Mwenzangu akasimama mikono kiunoni. "Tumelipia bahari. Iko wapi?" Nahodha wa ngalawa akacheka. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, akatueleza, maji hukupwa sana na kujaa sana. Tofauti yake inaweza kukaribia mita 4, na pwani hii ni tambarare, kwa hiyo yakiondoka yanaondoka kwelikweli. "Njooni saa tisa, niwapeleke mwambani."

Saa nne na nusu zima bila jambo la kufanya! Mume wangu alitaka turudi hotelini akafungue barua pepe. Nikamwambia mimi natembea. Nikavaa yeboyebo, maana kule chini kuna viumbe weusi wenye miiba, na baada ya hatua chache nikasikia mtu anakuja nyuma yangu.

Tukafika kwenye mashamba ya mwani. Kina mama walikuwa wameinama majini, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizokazwa na vijiti. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi hii imewapa wanawake wengi wa pwani hii fedha zao wenyewe. Mwani husafirishwa nje, na utomvu wake huingia kwenye vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Tukamwamkia mmoja, shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Mpo fungate?"

"Hapana mama, mwaka wa nne."

"Basi mnajua kufanya kazi pamoja. Shikeni kamba hii."

Tukashika, huyu upande huu, huyu upande ule. Simu ziko hotelini. Hakuna pa kukimbilia. Nikasema yote, Mwanza, cheo, mshahara na tarehe ya kuripoti. Mume wangu hakuacha kufunga. Kafunga vipande vitatu, vinne.

"Wiki tatu?" akauliza.

Mwanza hakuigusa. Kilichomuuma ni hizo wiki tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa kazi, kumbe kosa langu lilikuwa jingine, na sikuwa na la kujitetea. Nikamwomba radhi pale pale, maji yakitupanda vifundoni, hadi yule mama akatufokea: "Rudini ufukweni! Maji yanajaa, hayamsubiri mtu!"

Saa tisa ngalawa ikatupeleka mwambani. Tukavaa miwani ya kuzamia, tukaona samaki wa rangi ambazo sina majina yake. Hatukuongea sana. Lakini wakati wa kurudi aliniuliza kodi za nyumba za Mwanza zikoje, nami nikajua bado tuko pamoja.

Ushauri wa bure kwa mnaopanga kwenda. Kabla ya kulipia hoteli ya pwani ya mashariki, ulizeni saa za maji kupwa na kujaa, na mkumbuke kila siku zinasogea karibu dakika 50. Mkitaka kuogelea muda wowote, nendeni kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaendi mbali hivyo. Wapenda mchezo wa tiara juu ya maji, Paje inawafaa wakati wa kusi, Juni hadi Septemba. Masika, Aprili na Mei, bei hushuka, ila bebeni mwavuli.

Sisi tulirudi Dar na karatasi yenye alama tano tu kati ya tisa. Mwanza bado tunaijadili. Kwenye boti mume wangu alitazama maji kwa muda mrefu, kisha akaniambia: "Ziwa Victoria halipwi, unajua? Sasa ukiwa na neno kule, utaniambia lini?"

Nikamwambia: siku hiyo hiyo.