Kombe Bado Limo Kabatini



Muhula uliopita nilisimamia mdahalo wa wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Uganda. Hoja iliyojadiliwa ilikuwa hii: mchezaji aliyetumia dawa za kulevya nje ya uwanja hastahili kuenziwa, hata awe hodari kiasi gani. Upande wa kuunga mkono ulimtaja Diego Maradona, nami nikadhani ushindi umekwisha kupatikana.

Ushahidi wao ulikuwa mzito. Maradona alianza kutumia kokeini alipokuwa Barcelona, kabla hajahamia Napoli mwaka 1984. Machi 1991 alipimwa baada ya mechi ya ligi ya Italia, akapatikana na kokeini mwilini, akafungiwa miezi 15. Hata hivyo, alipofariki tarehe 25 Novemba 2020, haikupita hata miezi miwili kabla mji wa Napoli kuupa uwanja wake mkubwa jina lake. Msemaji wao alihitimisha kwa methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tukiwasifu walevi, alisema, vijana wataiga ulevi.

Ndipo akasimama kijana mmoja mpole wa upande wa pili. Hakuzungumzia Italia. Alisema: "Mwalimu, picha ya kaka yangu iliondolewa ukutani. Lakini kombe alilotuletea bado limo kabatini. Alidaka penalti mbili siku ile. Ikiwa yeye hastahili kuonekana, mbona kombe hatukulirudisha?"

Darasa lilinyamaza, nami nikanyamaza zaidi, kwa kuwa nilikuwemo katika kikao cha walimu kilichoamua picha ile iondolewe. Mlinda lango yule alikuwa ameingia katika uraibu miaka kadhaa baada ya kumaliza masomo. Tuliona aibu, tukainua mikono, tukaendelea na ajenda iliyofuata.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: heshima tunayompa mchezaji ni heshima ya nini hasa? Naona kwamba ni ushuhuda wa jambo alilolifanya, wala si hati ya kuthibitisha kwamba ana tabia njema. Napoli haikuwahi kutwaa ubingwa wa Italia kabla ya Maradona. Ikautwaa mwaka 1987 na tena mwaka 1990. Aliyeufuta ushindi huo akilini mwake kwa sababu ya kokeini hajailinda jamii na lolote. Amesema uongo tu kuhusu yaliyotokea. Wazee wetu walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hata hivyo, nakuomba tusichanganye mambo mawili. Katika Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani, Maradona alipimwa baada ya mechi dhidi ya Nigeria, akakutwa na efedrini, dawa ya kuchangamsha mwili iliyokatazwa michezoni, akaondolewa mashindanoni. Hilo ni kosa la aina nyingine. Anayetumia dawa ili ashinde humwibia mpinzani wake, na ushindi unaopatikana kwa njia hiyo haustahili taji. Anayejidhuru kwa kokeini usiku huiba nguvu zake mwenyewe. Maradona mwenyewe alikiri hadharani kwamba angekuwa mchezaji bora zaidi kama asingeigusa.

Liko pia suala la kanuni, na hapa ndipo raia anapopaswa kuwa makini. Marekani kuna kumbi za kuwaenzi wachezaji wakuu. Ule wa mpira wao wa miguu huwaelekeza wapiga kura watazame mambo ya uwanjani tu. Ndiyo maana Lawrence Taylor, ambaye matatizo yake ya kokeini yalijulikana na wengi, aliingizwa mwaka 1999. Ule wa besiboli unataja uadilifu na tabia miongoni mwa vigezo. Hata hivyo Tim Raines, aliyekiri kutumia kokeini mwanzoni mwa miaka ya 1980, akatibiwa na kurudi mchezoni, alipata nafasi mwaka 2017. Unaweza kupenda kanuni moja kuliko nyingine, lakini zote mbili zimeandikwa, na mchezaji huhukumiwa kwa kipimo kinachojulikana. Sisi hatukuwa na kanuni yoyote. Tulikuwa na aibu tu, na aibu ikafanya kazi ya sheria.

Je, hofu ya yule msemaji wa kwanza haina msingi? Ina msingi, tena mkubwa. Mwalimu anayetundika picha bila kusema neno anaacha nusu ya somo. Lakini anayeiondoa anaacha somo zima, na tena anamfundisha mdogo wa mraibu kwamba mtu akianguka, hata mema yake ya zamani hufutwa. Mtu anayeamini hivyo ana sababu gani ya kutafuta tiba? Namwambia mwanafunzi wangu yote mawili: huyu alitudakia penalti, na huyu ameumizwa na dawa za kulevya. Ana umri wa kutosha kuyabeba yote.

Niliitafuta ile picha, nikaikuta stoo nyuma ya madawati mabovu, kioo chake kimepasuka. Nimeomba suala hilo lirudishwe kikaoni, na safari hii tuanze kwa kuandika kanuni kabla ya kumtaja mtu. Baadhi ya wenzangu wanapinga, na hoja zao nazisikiliza. Kijana yule hajaniuliza tena, lakini kila nikiingia darasani najua anangoja jibu.

Nawe msomaji, huenda umo katika kamati ya shule, ya klabu au ya mtaa. Siku mtakapoletewa jina la kuondoa ukutani, ulizeni kwanza mnaondoa nini, kwa kanuni gani, na kama kombe nalo mtalirudisha.