Kutoka Miguuni pa Meru hadi Jeddah

Anayesali katika jiji la Arusha huelekea kaskazini, akielemea mashariki kidogo, na upande huohuo ndiko ulikosimama Mlima Meru. Ndiyo maana wengi wetu tuliolelewa hapa, tukitajiwa Makka, macho hukimbilia mlimani.

Je, nyuma ya mlima huo kuna umbali gani? Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, ulio kiasi cha kilomita 50 mashariki ya jiji, hadi Jeddah ni takriban kilomita 2,800 kwa mstari ulionyooka. Addis Ababa iko karibu katikati ya mstari huo, hivyo apitiaye huko hazungushwi. Apitiaye Doha huruka karibu kilomita 4,900. Kwa njia ya Addis Ababa, muda wa kuwa angani ni kama saa nne na nusu. Saa ya mkononi haiguswi, kwani Tanzania, Ethiopia na Saudia zinafuata majira mamoja. Lakini jumlisha barabara, kuwahi uwanjani, kungoja ndege ya pili, na kilomita 80 hivi za nchi kavu kutoka Jeddah hadi Makka: hiyo ni safari ya siku nzima.

Hesabu hizo zote niliziandika katika karatasi ya maelekezo, nilipofuatana na waumini wa msikiti wetu kwenda Umra. Jambo moja nikalisahau.

Tulipokuwa Addis Ababa tukingoja ndege ya pili, mzee mmoja, aliyeweka akiba ya kahawa yake kwa miaka mingi, alinivuta pembeni. "Katibu, mwanangu, ihramu yangu imo katika begi kubwa." Begi lilikwisha kupokewa Kilimanjaro, nalo lingeonekana Jeddah tu. Nasi tulijua kuwa ndege huwa mkabala wa mikati kabla ya kutua, na anayekusudia Umra akiipita bila kuhirimia hulazimika kurudi mikati au kuchinja. Mzee hakuwa na fedha ya ziada.

Nilimtazama mabegani. Alikuwa amejifunika shuka la Kimasai, kinga ya baridi ya alfajiri za Meru. Nami nilikuwa na langu mkobani.

"Mzee wangu," nilimwambia, "weupe ni sunna, si sharti. Sharti ni nguo isiwe imeshonwa kwa kufuata maungo ya mwili."

Akavaa moja kiunoni, la pili mabegani. Tulipokaribia mikati akanuia, akaleta talbiya kwa sauti iliyotetemeka, na abiria wa jirani wakaitikia pamoja naye.

Alhamdulillahi, Umra yake ilitimia. Karatasi yetu sasa huanza na mstari huu, kabla ya saa za ndege: "Ihramu iwe katika mkoba wa mkononi." Ndugu msomaji, kilomita huhesabiwa na rubani, mikati ni juu yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie sote kuifikia Nyumba yake. Amin.