Turbo Haina Kosa

Kompyuta za kwanza nilizolipwa kuzihudumia zilikuwa za intaneti kafe moja Kariakoo, katikati ya miaka ya 2000. Nyingi zilikuwa Pentium 4, mtumba kutoka Ulaya, na bosi alizinunua kwa kuangalia gigahezi tu. Kitu kilichoitwa matumizi ya umeme hakikuwa kwenye mazungumzo. Pentium 4 za kizazi cha Prescott, zilizotoka 2004, zilifika wati 115 kwa matoleo ya kasi kubwa, na zile za mwanzo hazikuwa na namna ya kushusha mwendo. Mteja angeweza kukaa dakika nzima anatafuta herufi moja kwenye kibodi, na prosesa ingebaki kwenye gigahezi zake zile zile, feni ikivuma. Mgao wa umeme wa 2006 ulipotusukuma kwenye jenereta, bosi akaanza kuuliza habari za wati.

Kwenye laptop suala hilo lilikuwa limeshaanza kushughulikiwa. Mwaka 2000 Intel ilitoa SpeedStep kwenye Pentium III za laptop: ile ya megahezi 650 ilikimbia kwa kasi hiyo ikiwa kwenye umeme wa ukutani, na ukichomoa waya ilishuka hadi 500. Nakumbuka mteja aliyelalamika kwamba laptop yake ina kirusi, maana nyumbani ni nzito na kwetu ni nyepesi. Sisi tulikuwa tunaichomeka ukutani kabla ya kuiwasha. Yeye kwao aliitumia kwa betri. Nilichomoa waya mbele yake, dirisha alilokuwa amefungua likaanza kujivuta, akacheka.

Lakini ndani ya kushuka kule kulikuwa na hesabu nzuri. Volti nayo ilishuka, kutoka 1.6 hadi 1.35, na umeme unaoliwa na prosesa hupanda na kushuka kwa mraba wa volti. Kwa hiyo kasi ilipungua kwa chini ya robo, ila matumizi ya prosesa yalipungua kwa karibu nusu. Tangu hapo nikaacha kuamini kwamba gigahezi za mwisho zinauzwa kwa bei sawa na za mwanzo. Zile za juu kabisa ndizo ghali.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja Novemba 2008, Core i7 za kwanza zilipotoka. Ile ya 920 ilikuwa na kasi ya msingi ya gigahezi 2.66, lakini kiini kimoja kikiwa peke yake kazini kiliweza kupanda hadi 2.93; kupanda huko ndiko kunakoitwa turbo. Wauzaji walipigia debe hiyo namba ya pili. Kilichonivutia mimi ni pale nafasi ya kupanda ilipotoka: viini visivyo na kazi vilikatiwa umeme kabisa, na kidhibiti kilichomo ndani ya chipu kikakipa kile chenye kazi nafasi ya joto na umeme iliyobaki. Turbo na usingizi vilizaliwa tumbo moja.

Ndiyo maana huwa nabishana na mafundi wenzangu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja tuliyefanya naye kazi aliikuta kompyuta ya ofisi inayotunza mafaili, inayowaka usiku na mchana, akaniambia, "Kaka, kama unataka LUKU isikimbie, zima turbo kwenye biosi." Nikachomeka kipima wati kati ya mashine na soketi. Mashine ikiwa haina kazi, turbo imewashwa: wati 38. Tukaizima, tukawasha upya, tukasubiri itulie: 38. Namba haikutikisika, kwa sababu prosesa isiyo na kazi haipandi kokote.

Tukafungua PowerTOP, programu inayoonyesha prosesa inalala kiasi gani na nani anaiamsha. Viini vyenyewe vilikuwa vinalala, lakini chipu kwa ujumla haikuwahi kuzama kwenye usingizi wa kina. Aliyeizuia alikuwa kadi ya zamani ya kuongezea diski, isiyokubali njia yake ya mawasiliano ipumzike. Tukaitoa, diski tukazihamishia kwenye maderbodi. Kipima wati kikasoma 22. Wati 16 zilizookolewa saa 24 kwa siku ni uniti zaidi ya 11 kwa mwezi.

Kijana hakukubali kirahisi. Akasema turbo itatula usiku, wakati wa kubana mafaili ya akiba. Tukapima na hilo. Ikiwa na turbo, mashine ilikula kama wati 80 kwa dakika 10, kisha ikalala. Bila turbo, kama wati 50 kwa dakika 15. Ukijumlisha na dakika tano ambazo ile ya kwanza ilikuwa imeshalala, turbo inagharimu zaidi, ndiyo, lakini tofauti haifiki wati-saa 3. Kadi ile ya diski ilikuwa inapoteza kiasi hicho kila dakika 10, mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna aliyeisema kwa ubaya.

Siku hizi mteja akija na swali la gigahezi, namuuliza kwanza mashine itakaa bila kazi saa ngapi kwa siku. Kama ni nyingi, namshauri aache turbo ilivyo, ahangaike na kadi, diski na programu zinazoamsha prosesa ovyo. Yule kijana naye sasa ana kipima wati chake. Mashine za kuhariri video, zinazokimbiza viini vyote kwa saa nzima, bado anazifunga kasi, maana prosesa kama Core i9-13900K huruhusiwa kufika wati 253. Huko simbishii.