Mlezi wa wazee naye huchoka

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwezi wa Shawwal, baada ya sala ya Adhuhuri. Bi mkubwa mmoja, ambaye maradhi ya usahaulifu yamemwondolea kumbukumbu nyingi, aliniuliza kwa mara ya tano kama Alasiri imekwisha kuadhiniwa. Mkononi nilikuwa na deni la duka la dawa. Nikamjibu, "Aah, bibi, mara ngapi?" Akasema, "Samahani, mwanangu," akajitanda kanga yake, na siku ile hakuuliza tena.

Aliyesoma Sura Al-Israai anajua katazo lililomo katika aya ya 23: wazazi wanapofikia uzee, hata mguno wa kuchoshwa nao tusiutoe. Bibi yule hakunizaa, lakini waliozaliwa naye walimkabidhi kwangu, na simu zao siku hizi hazipokelewi. Usiku ule sikulala.

Nasimamia makao madogo ya wazee yanayoendeshwa na jumuiya ya msikiti hapa Tanga: wazee 14, wasaidizi watatu. Asiyeijua kazi hii hudhani uzito wake ni kuogesha na kulisha. Hayo mikono huyazoea. Kinachoula moyo ni hesabu. Ramadhani ikiingia, huja tende, mchele, sukari, na wapiga picha (nisamehewe). Shawwal ikiandama wafadhili wamekwisha kwenda zao, na tende hazilipi mshahara wa msaidizi wa usiku wala hazinunui nepi za watu wazima. Mzee akifariki, ni mimi nitafutaye sanda na kuwaarifu jamaa; akiwa mwanamke, ni mimi niongozaye kumwosha. Kisha narudi jikoni kuuliza kitapikwa nini jioni.

Kwa miaka sita niliyaficha haya, nikidhani kulalamika kunapunguza thawabu. Watu nao waliniambia, "Malipo yako yako kwa Mola." Ni kweli, na ninayataraji. Ila neno hilo likitoka kwa mtu aliyeombwa kushika zamu moja tu, huwa ni namna ya kufunga mlango.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hii katika uainishaji wake wa maradhi, si kama ugonjwa bali kama jambo litokanalo na kazi: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona hafanyi la maana. Hilo la pili ndilo lililonitisha, kwani nilikuwa nimeanza kuwahesabu wazee kama vitanda. Na karne nyingi kabla ya hapo, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake.

Nilikwenda mbele ya kamati nikasema wazi kwamba nimeshindwa. Mwenyekiti akaniuliza, "Mbona hukusema mapema?" Sikuwa na jibu. Sasa vitabu vya hesabu vimehamia kwa mweka hazina, na akina mama wa darsa wanashika zamu ya Alhamisi ili nikae kwangu. Nililoomba zaidi, kwamba sehemu ya sadaka za Ramadhani itolewe fedha na kuwekwa kwa miezi inayofuata, bado tunabishana.

Bi mkubwa nilimwomba radhi asubuhi iliyofuata. Hakukumbuka kosa lenyewe. Aliniuliza kama Alasiri imeadhiniwa. Nikamwambia bado, nikaketi kando yake.