Kinga gani kwa njia zetu?

Sanduku la kikundi chetu limefika mahali ambapo tunaweza kununua kinga moja, labda mbili tukivumilia mpaka kisha mavuno ya maharagi. Tangu habari hiyo itoke, kila mama ana fundi wake na kila fundi ana jibu lake. Kuna wanaotaka VTT, kinga ya milima yenye mipira minene. Kuna wanaotaka VTC, ile ya njia zote, yenye mipira myembamba kidogo, inayokwenda upesi kwenye lami. Na wazee wanawacheka wote: wanasema kinga nyeusi ya zamani haijashindwa na kitu. Sisi walimu wa kike tunaopanda kinga kila siku kwenda masomoni tunaona heri tuseme neno kabla feza haijatoka sandukuni.

Kwanza tukubaliane kwamba Butembo si Beni. Butembo imekaa kwenye vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Beni iko chini, kilomita 50 na kitu kwa upande wa kaskazini, na mama wa kule anaweza kutoka nyumbani hadi sokoni bila kushuka kwenye kiti. Huku kwetu mwenye kinga nyeusi anaisukuma nusu ya safari, tena imebeba mihogo. Sababu iko kwenye meno. Kinga nyeusi yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, ukizungusha pedali mara moja tu, inakwenda zaidi ya mita 5. Hiyo ni nzuri kwenye tambarare, lakini kwenye kilima mguu unakataa. VTT ikiwekwa kwenye vitesi vya chini kabisa, meno 22 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka karibu mita moja na nusu. Unakwenda polepole kama mwenye kutembea, lakini unakwenda umekaa. VTC nyingi nazo zina vitesi vya kutosha, kwa hiyo kwenye kupanda hazipishani sana.

Kuteremka ndiko kunakovunja watu. Freni za vyuma za kinga nyeusi zinakamata ringi kwa ndani, na mvua ikinyesha unafinya mpaka vidole vinauma huku kinga inaendelea na safari yake. Mwenzetu mmoja alivunjika mfupa wa bega namna hiyo, akakaa nje ya darasa majuma mengi. Freni za waya zinazobana ringi pande mbili ni afadhali sana, na VTT na VTC zote wanazo. Zile za sahani zinakamata vizuri zaidi, lakini kabla ya kuzisifu muulizeni fundi wa kando ya njia yenu kama ana vipande vyake.

Sasa mipira, na hapa tunaomba wamama wasome taratibu. Mpira wa VTC una upana wa milimita 35 au 40 hivi, wa VTT unafika 50 na kupita. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, au kwenye mawe, ule mpana unashika njia na hauhitaji kujazwa pumzi mpaka uwe kama jiwe. Kwenye lami ni kinyume: meno yake makubwa yanalia na kukuchosha. Lakini jambo linalotusumbua zaidi ni namba. Kinga nyeusi inaitwa 28. VTC nayo inaitwa 28. Mtu ananunua mpira wa 28 sokoni, anafika nyumbani, hauingii. Tazameni namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa mpira: ya kinga nyeusi inaishia na 635, ya VTC inaishia na 622. Tofauti ni milimita 13, na hakuna nguvu ya fundi inayoziondoa. VTT za zamani za 26 zinaandikwa 559, na hata hapo kuna 26 nyingine ya 590 inayodanganya watu. Kabla ya kununua kinga, zungukeni kwanza kwa wauza mipira mkiwa na namba hiyo kwenye karatasi. Kama hamuioni kwao, hata kinga iwe nzuri namna gani, iacheni hapo ilipo.

Hatusemi hivyo kwa kupenda kuhesabu tu. Tunajua wote tunavyoishi. Mauaji ya kuzunguka Beni yalianza Oktoba 2014, na Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kuna njia za shamba ambazo hazifai kwa kinga yoyote, ni kuziacha. Hata kwenye zile tunazoziamini, mama aliyetobokewa na mpira saa kumi na moja ya jioni, mtoto mgongoni, hana saa za kungoja.

VTT zilianzia Marekani, huko California, miaka ya 1970, na vijana waliokuwa wakiteremka mlima kwa kinga nzito za zamani walizozitengeneza upya. Waliomzoea mtu wa chukudu wataelewa roho yao. Lakini vijana wale hawakuvaa kikwembe. VTT haina kifuniko cha mnyororo, mara nyingi haina mahali pa kufungia mzigo nyuma, wala ngao za matope. VTC nyingi zinakuja na vitu hivyo vyote. Na zile springi za mbele zinazopendwa na watoto: kwenye kinga ya bei ya chini ni uzito, zinameza nguvu zako unapopanda, na zikiisha hazina dawa.

Kwa hiyo sisi tungechagua, kwa Butembo, VTT ya chuma ya 26, namba 559, isiyo na springi, ya aina iliyotengenezwa kwa wingi miaka ya 1990. Tuiongezee kibebeo cha chuma, kifuniko cha mnyororo, na mipira isiyo na meno makubwa. Dada zetu wa Beni wanaweza kuchukua VTC bila hofu, mradi wanunue mipira miwili ya akiba siku ileile. Tukipata iliyo na bomba la chini katikati, ambalo mama anavuka bila kuinua kikwembe, tusibishane bei sana.

Siku ya kununua twende na mama aliye mfupi kuliko wote kikundini. Apande yeye kwanza, ashike freni, aone kama miguu inagusa chini. Warefu tutapandisha kiti.