Kusahihisha swali la mtu bila kumnyang'anya

Katika kipindi chetu cha maswali na majibu mtu mmoja anauliza, mwenye kujua anajibu, na katikati yao niko mimi na kalamu. Ujumbe unaingia kwa simu, wa sauti au wa maandishi, na ninauandika upya ili usomwe hewani. Wengi wanafikiri kazi hiyo ni ya kunyoosha Kiswahili. Kwangu mimi Kiswahili ndicho kitu cha mwisho kugusa.

Tuchukue maji ya sukari na chumvi. Kila kipindupindu kinapoingia kambini, ujumbe kama huu unazunguka: "Mutoto akiharisha, weka vijiko sita vya sukari na nusu kijiko ya chumvi mu maji, umupatie." Mtu wa shule ataona "mutoto" na "umupatie", atavirekebisha, kisha ataridhika. Lakini ujumbe bado una tundu. Maji kiasi gani? Kijiko gani? Kipimo chenyewe ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu bila kulundika. Familia iliyokimbia na kijiko kimoja, mara nyingi kijiko hicho ni kile kikubwa cha kulia chakula, nacho kinabeba karibu mara tatu ya kijiko cha chai. Chupa waliyo nayo inaweza kuwa ya nusu lita. Chumvi ikizidi, inaweza kumuumiza yule mtoto tunayetaka kumwokoa. Kwa hiyo maneno "cha chai" na "lita 1" yana faida kuliko sarufi yote. Ninaongeza na sentensi moja: mtoto apelekwe kituo cha afya haraka, huku akiendelea kunywa njiani, na anayenyonya asiachishwe.

Jambo la pili ni saa. Sisi wa Kivu tunaishi na saa mbili tofauti. Karatasi ya Kifaransa inasema ugawaji wa chakula utaanza "8 h". Mtu anaipeleka kwa jirani akiandika "saa 8". Kwa hesabu yetu, 8 h ni saa mbili ya asubuhi, na saa nane ni mchana, jua limeshapita kichwani. Mama anayefika saa nane mchana anakuta wamefunga, na saa sita zimekwisha kupita. Atarudi kwenye shitingi mikono mitupu, na orodha inayofuata hajui itasomwa lini. Ninapoona "saa 8" bila neno la asubuhi au mchana, siisomi. Ninapigia simu aliyetuma kwanza. Dakika mbili za yunite zinatosha kuokoa chakula cha siku nyingi.

Kuna maswali ambayo jibu lake limejificha mwishoni mwa swali lenyewe. Msikilizaji mmoja wa upande wa Sake alituma ujumbe mrefu kuhusu mbuzi. Aliuliza dawa ya mbuzi, akaeleza bei ya mbuzi, akataja jirani anayemshuku kwa uchawi. Mwisho kabisa, kama mtu anayetaka tu kumaliza, akasema mbuzi hao wote walikutwa wamekufa asubuhi, katika shimo moja, siku ambazo hapakuwa na upepo. Watu wa Goma na Sake tunalijua jambo hilo kwa jina la mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inajikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Mbuzi, kuku na mtoto mdogo wako karibu na ardhi, kwa hiyo ndio wanaofikiwa kwanza. Niliyatoa maneno ya mwisho nikayaweka mwanzo: shimo, asubuhi, hakuna upepo. Sikuongeza neno langu. Aliyejibu hakuzungumza tena juu ya dawa ya mbuzi. Alisema watu wasilale wala kupika katika shimo lile, watoto wasichezee humo, na akianguka mtu humo, mwingine asishuke haraka kumfuata, kwa sababu wawili wanaweza kubaki. Na jirani yule akapumzika kidogo na maneno ya uchawi.

Sasa, yale nisiyoyagusa. Mtu akisema "tulikimbia", siandiki "tulihama". Anayehama anafunga mizigo na kuaga. Anayekimbia anaacha sufuria motoni. Mtu akisema "watu wenye silaha walifika", mimi siweki jina la kundi lolote mahali pale, hata kama kila mtu kijijini ana fikra zake. Yeye ndiye aliyeona, na amesema alichokiona. Nikiongeza jina, nitakuwa nimemfanya shahidi wa jambo ambalo hakulisema, na yeye ndiye atakayeulizwa usiku, siyo mimi. Kwa sababu hiyo hiyo ninatoa jina lake, la mke wake na la barabara anayoishi. Swali linabaki zima bila hayo.

Wala sigeuzi maneno yetu kuwa ya pwani ili tuonekane tumesoma. "Bidoni" inaeleweka kutoka Rutshuru hadi Kalehe. Nikisema neno lingine la kitabu, mzee mmoja atainua kichwa na kumuuliza mjukuu wake maana, na sentensi inayofuata itampita. Redio hairudi nyuma.

Tarehe nayo ni sahihisho. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakuu wakaamuru baadhi ya kartie za Goma ziondoke, sauti nyingi zilizunguka kwenye simu. Sauti inayosema "leo tunaombwa kuondoka" inabaki kusema "leo" hata ikisikilizwa wiki inayofuata, na mtu wa kartie isiyohusika anabeba watoto kwenda njia ya Sake au mpakani. Tangu wakati ule, neno "leo" na neno "kesho" ninaweka pembeni yake siku na tarehe. Habari ya barabara kufunguka bila tarehe naiona kama habari ya mtu aliyekufa zamani.

Si kila ujumbe unaohitaji mkono wangu. Kama kosa halimzuii mtu kuelewa, wala halimpeleki pabaya, ninaliacha. Maswali ni mengi, na nikikaa kwenye herufi za ujumbe wa kwanza, ujumbe wa kumi utakaa bila kusomwa, na labda huo ndio wa mama mwenye mtoto anayeharisha. Na ninapobadilisha jambo kubwa, ninamsomea mwenye ujumbe kwanza: "Mama, ulitaka kusema hivi?" Wengi wanasema ndiyo. Wengine wanasema, "Hapana, mwanangu, sivyo." Hapo ninafuta niliyoandika, kwa sababu swali ni lake.

Ninaandika haya kwa sababu siku hizi kila mwenye simu ni mhariri. Unapokea ujumbe, unaupeleka kwa ndugu zako walio kambi nyingine, nao wanaupeleka mbele. Kabla hujaupeleka, usihangaike na Kiswahili chake. Tazama kama una siku na tarehe, asubuhi au mchana. Tazama kama mahali pametajwa na kipimo kimekamilika. Tazama kama aliyesema aliona mwenyewe au aliambiwa. Kinachokosekana, muulize aliyekutumia, kisha kiongeze. Kama hajui, usipeleke. Na kama kuna jina la mtu ambalo si lazima, litoe.