Tuwaachie wajukuu mto, si mchanga

Wadau, leo naomba tuuzungumzie Mto Ruaha Mkuu. Zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 1993 ukakatika kiangazi, na baada ya hapo kukatika kukawa jambo la kila mwaka. Viboko wanabaki wamebanana kwenye madimbwi.

Hakuna uchawi hapo. Maji yanashuka kutoka milimani, yanaingia bonde la Usangu, yanajaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha yanapita juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, hakitoki kitu. Na kinashuka kwa sababu mifereji ya mashamba huko juu inachota maji hata kiangazi.

Mwaka 2006 serikali ilianza kuwaondoa wafugaji Ihefu, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa hifadhini. Mto haukupona. Ndiyo maana sikubali mfugaji abebeshwe lawama peke yake. Sisi wa mjini mchele wa Mbeya tunaupenda, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanategemea mto huu huu.

Mifereji ifungwe mpunga ukishavunwa. Najua itamuuma mkulima, na huenda bei ya mchele ikatuuma sisi. Jamani, bora tuumie sasa kidogo kuliko wajukuu waje kuuona Ruaha pichani tu.

Tafakari njema.